Sura Iliyogawiwa Wajukuu

Nafundisha picha. Watu wakiniuliza kazi yangu nikawajibu hivyo, wengi hunyoosha simu wakidhani nitawaonyesha namna ya kusimama. Siwalaumu. Hapa Goma kila harusi ina mpiga picha wake, kila msiba una fulana zenye sura ya marehemu, na watoto wa Majengo wanajua kugeuza shingo mbele ya kamera kabla hawajajua kuandika majina yao. Lakini mimi nafundisha kitu kingine: jinsi picha inavyotengenezwa, nani anaitengeneza, na nani huachwa nje. Nimeifanya kazi hiyo miaka ya kutosha kujua kwamba naiweza, na sioni kwa nini niliseme hilo kwa kunong'ona.

Nilipoanza, utafiti wetu ulikuwa wa kuuliza picha inaonyesha nini. Tulikuwa tukikaa na picha moja hadi tuichoke: nani ameketi, nani amesimama, mkono wa bwana harusi uko wapi. Baadaye mkondo ukageuka, tukaanza kuuliza nani alishika kamera na alitumwa na nani. Kisha wenzetu wengi wakahamia kwenye makasha ya studio za zamani, wakibandua negativu zilizoshikamana kwa unyevu na kuzipitisha kwenye skana. Sasa hivi mada inayogombaniwa na wanafunzi wote ni mashine: unaipa maneno, inakupa picha. Wanafunzi wanataka kujua itafanya nini kesho. Mimi huwaambia waulize kwanza jana ilikula nini.

Haya yote yalikuwa mambo ya darasani mpaka mama mmoja alipohamia parseli yetu, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba zetu.

Alitoka kwenye vilima vya Masisi, vita ilipofika kwao, akaja kuishi na binti yake, ambaye ni jirani yangu wa mlango kwa mlango. Kati ya milango yetu kuna hatua chache za mawe meusi na kamba ya kuanikia nguo tunayoigombania kila Jumamosi. Mama huyo alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alipenda kukaa kwenye kiti cha mbao sebuleni kwa binti yake, uso kwenye ukuta mtupu uliopakwa rangi ya kijani. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba dawa itauchelewesha tu upofu.

Binti yake ndiye aliyekuja kwangu. Ni mwanamke wa vitenge na mahesabu, ana kibanda chake sokoni, si mtu wa kubembeleza. Aliingia, akakaa bila kuombwa, akasema moja kwa moja.

"Madame, niko nataka uso ya papa. Alikufa nikiwa mudogo, na bandugu zangu balikuwa badogo kunipita. Hakuna mwenye anamukumbuka. Foto ilikuwa moja tu, ya siku ya ndoa yao, na ilibaki kwa nyumba siku mama alikimbia vita ya kwanza, siye bote tukiwa bado badogo. Nyumba iliungua. Sasa mwenye anajua ile uso ni mama peke yake, na macho yake iko nazima. Ikizima kabisa, hata ukinitengenezea foto, ni nani atanihakikishia kama ni yeye?"

Sikumjibu kwamba nitajaribu. Nilimjibu kwamba nitaitengeneza. Nilikuwa na mashine, nilikuwa na miaka ya kazi, na shahidi alikuwa hai, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Watafiti wengi huota kupata hata nusu ya hayo.

Nikaanza siku ileile umeme uliporudi. Niliketi na mama, kompyuta magotini, nikamwomba anieleze mume wake. Akanieleza: mfugaji, mwembamba, mrefu, mtu wa vilima. Nikaiandikia mashine hayo yote kwa Kifaransa safi. Ikafikiri kidogo, ikatoa mtu. Alikuwa mwembamba kweli, na mrefu kweli. Alikuwa amejitanda shuka jekundu, ameshika mkuki, amesimama kwenye nyasi kavu za rangi ya simba, nyuma yake mti mmoja wa miiba. Ng'ombe wake walikuwa na mbavu za kuhesabika.

Mama akaisogeza kompyuta karibu na jicho lake la kulia, lililokuwa afadhali. Akamtazama yule mtu kwa adabu.

"Huyu mugeni anatoka wapi?" akauliza. Kisha akamgeukia binti yake. "Mumupatie chai."

Nilicheka mpaka nikafuta macho, ila nilikuwa na hasira pia. Mtu yeyote aliyewahi kupanda Masisi anajua kwamba hakuna nyasi kavu kule. Kuna majani mabichi mpaka kileleni, kuna ukungu, kuna matope yanayovua watu viatu, kuna ng'ombe walioshiba wanaotoa maziwa ya jibini tunayokula mjini. Mfugaji wa kule huvaa mabuti ya mpira na koti refu la mvua, na kofia yake haivuki msimu bila kupoteza umbo. Lakini mashine haijawahi kumwona. Imelishwa wafugaji wa mabango ya watalii, na ukiiambia "mfugaji", inakuletea huyohuyo, hata kama ungemwongezea mvua ya mwezi mzima.

Nikamwongezea mvua. Nikaongeza kilima, mabuti, koti, kofia. Mara hii ikatoa mzee mnene mwenye meno meupe yote, anacheka mbele ya shamba la chai.

"Juu ya nini anacheka?" mama akauliza. "Ngombe zake ziko wapi? Mutu akipoteza ngombe, hachekake hivi."

Nikapeleka picha zote mbili darasani. Wanafunzi wakacheka kama mimi, kisha nikawanyamazisha na kuwafanyisha kazi: nionyesheni mashine hii imejifunzia wapi, na kwa nini haimjui jirani yenu. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyofundisha muhula ule. Baadaye mwenzangu mmoja, anayekusanya picha za studio za zamani kwa uvumilivu wa mtu anayechambua mchele, alinisimamisha kwenye ngazi. Yeye ni mtu mwema, na ni mtu wa kukasirisha. Akaniambia niache. Picha, kwake, ni alama ya mwanga uliowahi kugusa mtu fulani siku fulani. Mwanga wa yule mzee ulikwisha kuungua pamoja na nyumba, basi. Nitakachotengeneza, akasema, ni uongo uliowekwa fremu.

Nikamwambia kwamba makasha yake yamejaa watu waliokuwa na nauli ya kushuka mjini na suruali ya kuingilia studio. Je, wale ambao hawakushuka? Hao tuwaambie watoto wao kwamba mwanga umekwisha? Akasema mimi napenda ugomvi. Hilo ni kweli. Lakini sikuona kwamba alikuwa amenijibu, na mpaka leo sioni.

Hata hivyo nilikuwa nimekwama. Kila nilipomuuliza mama pua ilikuwaje, alisema ilikuwa pua nzuri. Masikio? Masikio yake. Mdomo? Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikaleta michoro ya maumbo ya pua, kama wanavyofanya polisi. Akaitazama yote, akasema haoni mtu hata mmoja anayemfahamu. Na kila wiki alikuwa akiisogeza kompyuta karibu zaidi na uso wake. Binti yake alikuwa haniulizi tena imefika wapi. Alikuwa akipita mlangoni kwangu, anatazama, anaendelea na safari yake.

Kilichonifungua ni mtoto mchanga.

Kaka mdogo wa jirani yangu, anayeishi Murara, alipata mtoto, nasi tukaenda kumwona, mama katikati yetu, tumemshika mikono. Nyumba ilikuwa imejaa shangazi, supu na nguo ndogo za kuanikwa. Mama akaketishwa, akawekewa mtoto mapajani, na watu wote wakanyamaza. Nilidhani wanasubiri sala. Mama akapitisha vidole juu ya uso wa mtoto, polepole, kuanzia kwenye nywele. Akagusa masikio. Akagusa kidevu. Kisha akarudi juu.

"Paji ya uso," akasema. "Huyu amechukua paji ya uso ya tate yake."

Tate ndivyo wajukuu wa hapa wanavyomwita babu, au bibi pia. Watu wakashangilia, na mtoto mmoja wa miaka kama minane akapenya mpaka mbele kunitangazia: "Mimi niko na masikiyo yake." Dada yake akasema yeye ana pua. Binamu mwingine ana kidevu, na alikinyanyua ili nikione. Kumbe tangu alipozaliwa mjukuu wa kwanza, mama alikuwa akifanya hivi. Kwa kuwa hakuwa na picha ya kuwaonyesha, aliwagawia mzee wao kipande kwa kipande, na kila mtoto alijua fungu lake kama anavyojua zamu yake ya kuchota maji.

Nilisimama katikati ya ile nyumba na sahani ya ndizi mkononi. Nimesoma mengi kuhusu kumbukumbu na picha. Sikuwahi kusoma kwamba sura inaweza kuhifadhiwa hivi, ikitembea mjini, ikienda shule, ikigombana barabarani. Mashine ilikuwa haina haja ya maneno yangu. Ilikuwa na haja ya hawa watoto.

Nikawaita wote Jumapili baada ya ibada. Walikuja na nguo zao za kanisani, wengine wakitoka Murara, wengine Mapendo, na parseli yetu ikawa na kelele kama uwanja wa shule. Nilitundika shuka jeupe kwenye ile kamba ya nguo inayotugombanisha, nikamweka kila mtu mahali pamoja, mwanga uleule, kichwa kimeelekea upande uleule. Mama aliketi kando kama hakimu. Nilipompiga picha mwenye masikio, mama akasema: chukua ya kushoto, ya kulia ni ya mama yake. Mwenye pua alikuwa na mafua, ikabidi tumsubiri.

Tulipofika kwenye mdomo, mama akamwonyesha binti yake, jirani yangu.

"Mimi?" akasema. Hakuwahi kuambiwa. Yeye alizaliwa babake akiwa hai, na siku hizo hakuna aliyekuwa na haja ya kugawana chochote.

"Wewe, lakini ukikasirika tu," mama akasema. "Ukicheka, ni kinywa yangu."

Basi ikabidi akasirishwe. Niko tayari kusema kwamba katika kazi hiyo nina kipaji. Nikamwambia kwamba kamba ile ya nguo, kwa haki yote, ni yangu, na kwamba nguo zake za Jumamosi iliyopita nilizianua mimi na kuzitupa kwenye beseni kwa makusudi. Midomo yake ikajifunga, ukingo mmoja ukashuka, na nikabonyeza. Mama alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake.

"Njo hiyo," akasema taratibu, akikubali kwa kichwa. "Njo hiyo kabisa."

Binti akaenda nyuma ya shuka, akakaa huko kidogo. Alirudi amenawa uso.

Yakabaki macho. Nikauliza nani ana macho. Watoto wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake. Hakuna aliyejitokeza.

"Macho hakuna mwenye aliyachukua," mama akasema. "Macho alienda nayo."

Nikamuuliza basi alikuwa akitazamaje. Akasema alikuwa mtu wa kutazama juu kilimani, penye ng'ombe. Hata padri akiongea naye, yeye anatazama kilimani. Hilo likanitosha. Nikaamua kumpa kofia iliyoshushwa, uso umegeuka kidogo kufuata ng'ombe, na kivuli cha ukingo wa kofia kikayafunika macho. Sikutaka kubuni kitu ambacho shahidi wangu hakunipa. Mwenzangu wa ngazini aniite mwongo, lakini hata uongo wangu una mipaka, na niliiweka mimi mwenyewe.

Kulikuwa na ubishi mmoja wa mwisho. Wajukuu walitaka tate yao avae suti na tai, kama marehemu wa kwenye mazishi ya watu wenye heshima.

"Huyu alivalaka kravate siku gani?" mama akauliza. "Mumupe mabote yake. Na koti ya mvua. Hapo mutamupata."

Nilikaa na mashine muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na kazi yoyote. Nilikuwa siipi tena maneno mengi. Niliipa paji la uso la mtoto mchanga, sikio la kushoto la mvulana, pua ya msichana iliyopona mafua, kidevu, mdomo wa mwanamke aliyekasirishwa. Ilipojaribu kumchekesha, nilimrudisha. Ilipomletea mti wa miiba, niliung'oa. Nikampa umri aliokuwa nao alipokufa, nikamketisha kwenye jiwe, mabuti yakionekana, matope hadi vifundoni. Kisha nikampeleka kuchapishwa mjini kwenye karatasi nzuri, nikamtia fremu ya mbao, na nikamleta nyumbani mchana, kabla jua halijahama dirisha la jirani yangu.

Mama akaipokea kwa mikono yote miwili. Akaenda mpaka dirishani, akaisogeza kwenye jicho la kulia, akaanza kuitembelea kama mtu anayetafuta sindano: koti, mikono, kidevu, sikio. Binti yake alisimama nyuma yake, hajavua hata kanga aliyotoka nayo sokoni. Nilijua kazi yangu ni nzuri.

"Ni yeye," mama akasema.

Binti akaichukua. Akaitazama, akagusa mdomo wa kwenye picha, kisha akagusa wake. Akalia waziwazi, mbele yetu sote, mwanamke ambaye nilimfahamu kwa miaka bila kumwona akitoa hata chozi la vitunguu. Watoto waliokuwa wamejazana mlangoni wakagombania nani ashike nyundo. Picha ikatundikwa kwenye ule ukuta wa kijani, mbele ya kiti cha mama, ili aione kila siku kwa muda uliobaki. Niliporudi kwangu nilikuwa najiona mkubwa, na sikujikemea.

Kesho yake nilipita kuwajulia hali. Kiti cha mama kilikuwa kimehama. Alikuwa amekiegemeza ukutani, chini kabisa ya picha, mgongo wake kwa mume wake, uso kwa mlango. Nilidhani amekimbia jua la dirishani. Siku iliyofuata kilikuwa palepale, na iliyofuata pia. Wajukuu walipokuja kumsalimu, walisimama mbele yake na kumtazama babu yao juu ya kichwa chake, wakibishana sikio linafanana na la nani, naye akawatazama wao. Hakugeuka hata mara moja. Jambo lile likanichoma. Nikasubiri binti aende sokoni, nikavuta kigoda, nikamuuliza kama kuna mahali nilikosea. Sikutaka anihurumie. Kama ni pua, pua inarekebishika.

"Hukukosea," akasema. "Ingekuwa umekosea, ningeiangalia bila shida."

Nikasogeza kigoda karibu zaidi.

"Siku ya kwanza, nilifunga macho usingizi ikuje. Ile uso ya kwako ikakuja mbele. Yangu ikabaki nyuma yake, nikaitafuta, ikachelewa. Nikaogopa." Akaviringisha ncha ya kitenge chake kidoleni. "Ile iko ya batoto. Baiangalie, baijue, bafurahi. Mimi macho inazima, sitakuwa na ingine ya kuangalia, ni ile tu ya ndani. Sitaki ibadilishwe."

Nilifundisha jambo hilo kwa miaka: kwamba picha mpya hukalia kiti cha kumbukumbu ya zamani. Nimeliandika ubaoni, nimelitolea mitihani. Sikuwahi kukaa kigodani mbele ya mtu anayelinda kiti chake kwa mgongo wake. Na bado sijutii ile picha. Binti yake ana baba sasa, wajukuu wana mtu wa kuonyesha wageni, na mtu akiniambia leo kwamba nisingeitengeneza, nitagombana naye kwenye ngazi zilezile. Lakini nilitaka kujua kitu kimoja, kwa sababu mimi ni mtu wa kazi hii na siwezi kujizuia. Nikamuuliza: yake ina tofauti gani na yangu?

Akatabasamu kidogo, akitazama mlangoni, ambapo kwa sasa naamini alikuwa akiona mwanga tu.

"Ya kwako iko muzuri, mutoto wangu," akasema. "Iko naangalia ngombe, vile batu bote balimujua. Ya kwangu inaniangaliaka mimi."